Ngoma ikipandishwa jukwaani, kumbukumbu yake inabaki wapi? (Uzi wa watunzi, wapigaji na warekodi)

Msondo_Mrefu (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu. Kuna jambo linarudi kila msimu wa matamasha. Kundi la dansi ya kisasa linachomoa hatua nne tano kutoka ngoma ya jadi, linazipandikiza juu ya muziki wa kompyuta, halafu kwenye kipeperushi wanaandika kwamba "mwili unabeba historia". Unaibeba vipi? Chukua bugobogobo, ngoma ya kulima ya Wasukuma. Ukiitoa jembe, ukaondoa wimbo wa kiitikio, ukamwondoa na mpigaji anayewapandisha wachezaji kasi, kilichobaki ni mazoezi ya viungo. Ni mazuri kwa afya, ila ule ulimaji wa pamoja haumo tena.

Hoja yangu ni kwamba kumbukumbu haikai kwenye hatua. Inakaa kwenye maungio: wimbo unapokutana na mdundo, mdundo unapokutana na mguu, na vyote hivyo vinapokutana na shughuli yenyewe, yaani nani anacheza, lini, mbele ya nani. Mtunzi wa kisasa ana uhuru wa kubadili chochote, lakini ajue anakata ungio lipi.

Tatizo hili halikuanza na vijana wa leo. Desemba 1962, Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, aliuliza katika hotuba yake ni wangapi wanaoijua gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama, ilhali rumba na chachacha tunazicheza bila shida. Ikaundwa wizara ya utamaduni, kikafuata kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kazi kubwa imefanyika pale, sibishi. Ila kwenye safari hiyo hiyo ukazaliwa mtindo tunaoujua wote: dakika tano, safu mbili, nyuso kwa mgeni rasmi, tabasamu, kitenge cha sare. Ngoma ya mavuno na ya msiba zikaanza kufanana.

Karibuni tuchambue. Naomba tuzungumze kazi, mashairi tuyaweke pembeni.

Chapuo_Dogo

Naunga mkono nusu, mkuu. Nusu nyingine napinga, na ushahidi wangu ni beni.

Beni ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu: tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride, vyeo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaenea Tanganyika pamoja na askari waliorudi, na mji baada ya mji ukagawanyika pande mbili, Marini na Arinoti. Walikuwa na magavana wao na madaktari wao, na walisaidiana na kuzikana. Hakuna mtu aliyewaambia wahifadhi historia. Waliicheza ikiwa bado mbichi.

Fuata njia hiyo hadi Ziwa Nyasa, upande wa Malawi na upande wetu. Kuna malipenga na mganda: wanaume kwenye safu, kaptula nyeupe, soksi ndefu, wanapuliza vibuyu vilivyozibwa utando mwembamba unaotetemeka mpaka sauti inatoka kama tarumbeta ya kambini. Kikundi cha malipenga kinaitwa boma. Ukipanda hadi migodi ya shaba ya Zambia unaikuta kalela. Ile iliyoandikwa na watafiti pale Luanshya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na "daktari" wa koti jeupe lenye msalaba mwekundu, na "nesi", mwanamke pekee kundini, aliyewapitia wachezaji na kioo na leso wajifute jasho na kujitazama. Nyimbo zao zilikuwa za kuwasifu Wabisa na kuyatania makabila mengine waliyokutana nayo mgodini. Mtoe yule nesi na kioo chake, bakisha miguu, na umeshaondoa sehemu iliyokuwa inaeleza mtu wa kijijini alivyotaka kuonekana akiwa mjini.

Kwa hiyo kuvaa cha mgeni na kukichezea ni mbinu ya zamani ya kutunza kumbukumbu. Muziki wa kompyuta si dhambi. Swali ni kama unaufanyia kile ambacho watu wa beni walilifanyia tarumbeta.

Msondo_Mrefu

Nakubali. Beni haikukata ungio, ilifunga jipya: cheo cha kuchekesha uwanjani kilikuwa na kazi kwenye msiba. Mtunzi anayeleta kompyuta na akanionyesha ungio jipya, namvulia kofia.

Bi_Lelemama

Wanangu, kabla ya tarumbeta na kompyuta kuna ruhusa, na humu naona mmeiruka.

Sindimba ya Wamakonde ndiyo mfano wa karibu. Leo kila shule inayo, wavulana na wasichana pamoja, nyonga zinazungushwa mbele ya wageni. Nyonga zile zina somo ndani yake, na somo lina wakati wake na mtu wake wa kulitoa. Jukwaa lilichukua kiuno likaacha somo. Sasa wamekuja watunzi wengine wanaotaka "uhalisia", nao wanakosea kwa upande wa pili: wanakwenda kuziokota nyimbo za unyago na kuziimba hadharani. Zile si za hadhara. Kuziweka kwenye spika si ujasiri, ni utovu wa adabu.

Ngoma za hadharani, kama za harusi, mavuno na mashindano, chukua, taja zilikotoka, lipa. Za msiba na za uganga, nenda kwa wenyewe na mpigaji wako, cheza mbele yao kile unachotaka kukipeleka, na sema waziwazi utakata nini. Za ndani, yaani unyago na jando, acha wimbo na acha alama. Unaweza kufanyia kazi namna mwali anavyotembea amefunikwa, anavyoinama, anavyokwepa kutazama watu. Na hata hayo yaonyeshe kwa makungwi kabla ya siku ya kwanza, si baada ya picha kusambaa.

Mkataba uwe wa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha: jina la ngoma, kijiji, kinachochukuliwa, kinachobaki kwao, mgawo wa mapato, nani anaruhusiwa kurekodi, majina yatakayotajwa. Makosa huingia kwenye sahihi. Watu husaini na mwenyekiti wa kikundi peke yake, na mara nyingi mwenyekiti si mwimbishaji wala si mpigaji. Wenye ujuzi wanasikia habari redioni, ugomvi unaanza. Kenya wana sheria ya mwaka 2016 inayolinda ujuzi wa jadi na sanaa zake. Tanzania, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Msijifanye hamkuzisikia.

Njuga_Kumi

Shikamoo Bi Lelemama, umesema yote hapo. Mimi nije kwenye mguu.

Wachezaji waliofundishwa studio huhesabu nane, na shida nyingi zinaanzia hapo. Ngoma nyingi za kwetu zinatembea kwa mapigo madogo sita au kumi na mawili kwa mzunguko, na ndani yake mbili na tatu zinakwenda bega kwa bega. Anayehesabu nane anatua pale alipozoea yeye badala ya pale ngoma kubwa inapoita. Baada ya mizunguko michache mpigaji anaanza kumfuata mchezaji, na mkifika hapo hakuna tena ngoma.

Zoezi la kumtoa huko: mzunguko wa sita, polepole. Miguu ikanyage 1 na 4. Makofi 1, 3 na 5. Dakika tano bila kusimama. Kisha nyamazisha kofi la 1, miguu iendelee. Kisha geuza, miguu 1, 3, 5 na makofi 1 na 4. Akiweza kuimba kiitikio juu ya hayo bila mguu kuteleza, ndipo umpe hatua. Yaani wimbo unatangulia, makofi, mguu, kiwiliwili, na mikono ije mwisho. Watu wengi wanaanzia mikononi kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye video.

Goti nalo. Ngoma zetu nyingi goti limelegea na mgongo umeinama kidogo kuanzia nyonga. Mwenye mafunzo ya ballet hujivuta juu, uzito unapanda kifuani, na kisigino kinapiga kelele bila kuwa na uzito. Zisikilize njuga zake. Njuga zilizofungwa vizuri, juu ya kitambaa, kidogo juu ya kifundo, zinalia mara moja kwa kila kanyago. Zikilia mara mbili, ama kamba imelegea ama goti limekaza. Kaza kamba kwanza. Zikiendelea, tatizo ni goti.

Na kasi! Jukwaani, taa zikiwaka, kila kundi linapanda kasi bila kujua. Mpe mpigaji mmoja tu mamlaka ya kubadili, wengine wote wamtazame yeye na si hadhira. Ngoma ya msiba ikipanda kidogo tu inageuka ya harusi, na hapo hata ungeandika nini kwenye kipeperushi, aliyezaliwa nayo ameshajua mmepotea.

Fundi_Picha

Upande wa kurekodi, kwa sababu mtunzi mwingi siku hizi anajifunza ngoma kwenye simu.

Kamera ya kwanza iwe kwenye stendi, mwili mzima pamoja na nyayo, bila kuvuta karibu, bila kuzima tangu mwanzo mpaka watu watawanyike. Ya pili ifuate miguu na mikono ya wapigaji. Fremu 50 kwa sekunde, la sivyo mguu wa haraka unakuwa ukungu. Piga kofi moja kubwa mwanzoni mbele ya kamera zote ili sauti na picha zije zishikane. Sauti irekodiwe kwa kifaa chake, na kilele kiishie kama desibeli 12 chini ya kikomo, maana mpigaji akipandwa na mori hupiga zaidi sana ya alivyopiga mlipojaribu. Mkimaliza, mwombe kila mpigaji apige sehemu yake peke yake dakika mbili. Rekodi pia kutoka nyuma ya wachezaji. Wanaojifunza kwa picha ya mbele tu hugeuza kulia kuwa kushoto, na kwenye ngoma ya mduara hilo linageuza mwelekeo wa mzunguko mzima.

Sasa jambo ambalo ndilo linaharibu kumbukumbu nyingi. Mzee wa miaka sabini hachezi alivyocheza akiwa na ishirini. Mruko anauonyesha kwa kuinua kisigino, mzunguko anauchora kwa kiganja. Mrekodi asiyejua anaandika "kisigino kinainuka kidogo", na miaka kumi baadaye kundi zima la vijana linacheza maumivu ya magoti ya babu. Muulize: "Mguu ulikuwa unafika wapi?" Mlete kijana ajaribu mbele yake, na kamera iendelee wakati mzee anamsahihisha. "Hapana, chini zaidi", "usiangalie mguu", "subiri ngoma ikuite". Masahihisho hayo yana thamani kuliko onyesho lililonyooka.

Halafu msimhoji akiwa kwenye kiti, mezani, na chupa ya maji. Mkalishe karibu na mpigaji. Kuna mambo hayakumbuki mpaka asikie mdundo, na ukimuuliza kwa maneno atakwambia amesahau, nawe utaandika amesahau.

Nakala ziwe tatu, moja iwe nje ya jengo, na moja irudi kijijini kwa namna wanayoweza kuifungua. Diski ngumu kwa kikundi kisicho na kompyuta ni pambo la kabati.

Mtunza_Hatua

Niongeze kazi chache za jukwaani za kujifunzia, nikiangalia ufundi wake, si sifa.

Germaine Acogny wa Senegali aliongoza Mudra Afrique pale Dakar kuanzia 1977, shule ya dansi iliyoanzishwa na mtunzi wa ballet Maurice Béjart na Rais Senghor, na baadaye akajenga École des Sables huko Toubab Dialaw. Mbinu yake haikukusanya hatua za kila kabila. Alitafuta kinachozizaa: uti wa mgongo unaokwenda kama wimbi, kifua kama jua, makalio kama mwezi, kinena kama nyota. Mwaka 2004, pamoja na Kota Yamazaki wa Japani, alitunga "Fagaala" juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Wachezaji ni wanaume peke yao, na walewale ndio wauaji, wahanga na wanawake. Hapo ndipo penye uamuzi. Ukimwambia mchezaji aigize panga, hadhira inatazama panga. Ukimfanya mwili uleule ubadilike kutoka upande mmoja kwenda mwingine, hadhira haina pa kujificha. Na kwa wanaofanya mada hizi: vipindi viwe vifupi, mchezaji awe na haki ya kukataa tendo bila kujieleza, na kila mazoezi yaishe kwa kitu kingine kabisa, mpira hata, kabla watu hawajaenda nyumbani.

Faustin Linyekula wa Kisangani, mwanzilishi wa Studios Kabako mwaka 2001, ana jibu kwa Msondo. Mwaka 2019 aliwapandisha jukwaani watu waliocheza zamani kwenye Ballet ya Taifa ya Zaire, iliyoundwa 1974 enzi za Mobutu, wakumbuke kwa miili yao ya uzeeni onyesho lao juu ya shujaa Lianja. Ule mtindo wa safu na tabasamu unaoulalamikia, mkuu, nao tayari ni historia. Umeandika mwilini dola ilitaka raia aonekane vipi. Keita Fodéba, aliyeanzisha Les Ballets Africains, kundi lililokuja kuwa la taifa la Guinea, alikuwa waziri Guinea kisha akafia gerezani Camp Boiro mwaka 1969. Anayecheza ngoma za jukwaa la taifa bila kujua hilo anacheza nusu.

Panaibra Gabriel Canda wa Msumbiji ana solo zake za marrabenta, muziki wa dansi wa Maputo: yeye, mpiga gitaa, basi. Mwili unapitia ukoloni wa Wareno, mapinduzi na yaliyofuata, lakini muziki huo haumwachi. Gregory Maqoma wa Afrika Kusini, kwenye "Exit/Exist", anamfuata mmoja wa mababu zake wa kale, chifu Maqoma aliyepigana na Waingereza na kufa Robben Island mwaka 1873, na waimbaji wapo jukwaani pamoja naye. Angalieni: hakuna hata mmoja wa hawa wawili aliyemweka mwanamuziki kwenye faili la kompyuta. Hilo ndilo ungio alilolisema mleta mada.

Mgeni_Jukwaani

Hodi humu. Naomba msaada wa vitendo. Kazi ya dakika 20 juu ya isukuti, wachezaji sita, ukumbi wa viti vinavyotazama mbele. Nianzie wapi na nikate nini?

Msondo_Mrefu

Karibu sana. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya imo tangu 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa hiyo lolote utakalofanya lirudi na kitu kwa wapigaji.

Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Hizo tatu zipande jukwaani. Usizifiche pembeni wala usiweke rekodi. Watu wako sita ni wachache kwa mduara kamili mbele ya viti, basi fungua mduara theluthi moja kuelekea hadhira, na wapigaji wakae ndani ya ule mduara, si nyuma. Wakiwa nyuma wachezaji watawapa mgongo, na ishara za mwimbishaji zitapotea.

Kukata: kata sehemu, usikate marudio. Ikiwa sehemu moja inarudiwa mara kumi kijijini, usiifanye mara mbili ili zote zienee. Toa sehemu nne, bakiza mbili, uzirudie mpaka mchezaji aache kufikiri. Marudio ndiyo yanayompa mwimbishaji nafasi ya kutia jina la marehemu, au la bibi harusi. Na hilo uliamue siku ya kwanza: isukuti inachezwa kwenye uzazi, jando, harusi na msiba. Yako ni ya shughuli ipi? Ukisema "zote", umerudi kwenye dakika tano za mgeni rasmi.

Mimi ningegawa hivi: dakika tatu wimbo na makofi bila ngoma, nane za isukuti yenyewe bila kuguswa, sita za kuivunja kwa lugha yenu ya kisasa, tatu za mwisho wapigaji peke yao.

Chapuo_Dogo

Mgawo huo napingana nao. Ukiweka jadi kwanza na kisasa baadaye, umemwambia mtazamaji kwamba moja ni zamani na nyingine ni leo. Anza na uvunjaji. Ile ngoma ndogo ipigwe peke yake, mtu mmoja atafute mguu wake, akosee, arekebishwe na mwimbishaji kwa sauti mbele ya watu kama alivyosema Fundi_Picha. Ngoma kamili ije katikati, ikishahitajika.

Bi_Lelemama

Chapuo yuko sahihi, ila huyo anayekosea awe mchezaji anayeijua ngoma. Asiyejua akiigiza kutojua, wenyeji watacheka, na kicheko hicho si cha furaha.

Njuga_Kumi

Mgeni, mambo ya siku yenyewe. Kagua sakafu ya ukumbi mapema. Kama ni saruji, mazoezi ya kukanyaga yasipite dakika ishirini mfululizo na uweke mbao juu ya mihimili, la sivyo wiki ya tatu utakuwa na watu wanaochechemea kwa ugoko. Kama ngoma zako ni za ngozi ya kuwambwa, ukumbi wenye kiyoyozi utazibadilisha sauti, kwa hiyo zifike saa mbili kabla na zijaribiwe ndani, si nje juani. Maikrofoni ya mwimbishaji iwe ya kubana kichwani. Ukiweka ya kusimama mbele, itachukua njuga zote na kumzika yeye. Pembe haihitaji kipaza sauti kabisa. Mpigaji wake asimame upande ulio mbali na ngoma ndogo, maana akiwa karibu nayo hasikii mabadiliko ya ngoma kubwa na atapuliza nje ya zamu.